Karatasi Iliyosema Njambi ni Mzima

Jumapili, 14 Julai 1996. Thika.

Baridi ya leo ni ile ya Julai inayoingia hadi kwenye mifupa. Manyunyu tangu asubuhi, jua halikujitokeza hata mara moja, na koti langu bado linachuruzika nyuma ya kiti. Nina hasira. Naiandika mapema, isije ikajificha katikati ya sentensi nyingine nikajifanya sina.

Leo nimeona ubongo wa mtoto wa dada yangu ukipigiwa makofi kanisani.

Nieleze kwa utaratibu, kama ninavyofanya kazini.

Njambi ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Ni kifungua mimba wa dada yangu Nyokabi na mumewe Kamande, wanaoishi Kiuu, upande wa Ruiru. Kwa kuwa alipewa jina la nyanyake, mama yake Kamande, baba yake humwita maitu, mama yangu. Sijawahi kumsikia akimwita kwa jina lingine, hata akiwa amekasirika. Mimi ni tata wake, dada wa mama yake. Naripoti habari za Thika kwa gazeti moja la Nairobi: mahakama, migomo ya viwandani, ajali za barabarani, mizozo ya mashamba. Nimeandika habari za vifo kwa miaka mingi na nilidhani nimezoea.

Mwezi wa Mei, shule zilipofunguliwa tu, Njambi aliacha kula. Akaacha kuoga. Akawa analala hata mwalimu akiwa mbele yake. Siku moja alizirai kwenye gwaride la asubuhi. Kisha akamwambia rafiki yake wa bweni kwamba hataki tena kuishi, na huyo rafiki akafanya jambo la maana kuliko yote ambayo sisi watu wazima tumefanya tangu hapo: alimwambia mwalimu.

Mwalimu mkuu alimwita Kamande ofisini. Alimkumbusha kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai, kwa sauti ambayo mtu huitumia kwa mzazi wa mwizi, ingawa mtoto hakuwa amejaribu lolote ila kusema. Akamwambia ampeleke nyumbani, na asimrudishe mpaka aje na karatasi ya kuonyesha kwamba kichwa chake kiko sawa.

Karatasi ndiyo aliyoitaka. Nafuu ya mtoto hakuitaja.

Tulimpeleka, mimi na Nyokabi, kwa daktari wa magonjwa ya akili anayekuja kliniki hapa Thika kila Jumatatu. Alizungumza na Njambi peke yake kwa muda mrefu. Halafu akatuita ndani, akatuambia mtoto ana ugonjwa wa huzuni, ugonjwa kama mwingine, wala si utundu au mapepo. Alimwandikia tembe. Alisema mtu mzima azitunze na ampe kila jioni, na tusizikatize kwa kuwa tumemwona akitabasamu. Kisha akasema jambo ambalo nililiandika neno kwa neno, kwa mazoea ya kazi:

"Dawa inaweza kuuamsha mwili kabla haijayaondoa mawazo. Mtamwona anakula, anafua nguo, anacheka, na mtafurahi. Hizo ndizo wiki za kuwa macho zaidi. Muulizeni. Muulizeni waziwazi kama bado anafikiria kujiua."

Nilimuuliza kama kumuuliza hakutampa wazo. Akasema hapana. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, kama ninavyowafanyia wanasiasa. Akasema hapana tena, bila kuchoka.

Kwa sababu ya kule kuzirai alitaka pia Njambi apimwe umeme wa ubongo huko Nairobi, kuhakikisha si kifafa. Wakambandika nyaya kichwani, kalamu za mashine zikachora mistari kwenye karatasi ndefu iliyokunjwa kama upepeo wa karatasi. Jibu likaja: hakuna dalili ya kifafa. Jibu lilikomea hapo.

Sasa shemeji yangu Kamande ni fundi wa redio. Ana kibanda chake karibu na soko la Ruiru, na ni fundi mzuri, watu hutoka mpaka Kalimoni na Witeithie kumletea redio zilizokufa. Kazi yake yote inaanzia kwenye mita ya kupimia umeme. Anagusa hapa, anagusa pale, sindano ikicheza anajua moto unapita. Aliiomba ile karatasi ya mistari kliniki, wakampa, akaikunjua juu ya meza yake ya kazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwepo. Aliifuata kwa kidole mstari mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa umejaa furaha kiasi kwamba sikuwa na moyo wa kumkatiza.

"Moto unapita," aliniambia. "Hakuna waya imekatika. Huyu mtoto ni mzima."

Nilimweleza alichosema daktari. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa wa nchi nyingine.

Basi nikafanya ninachojua kufanya. Niliandika makala kuhusu ile mashine. Katika aya ya pili, juu kabisa ambapo msomaji hawezi kuikosa, niliweka maneno ya daktari: kwamba kipimo hiki hakioni huzuni, wala hakioni kama mtoto anafikiria kufa. Kwamba huko ng'ambo kuna watu wanaochunguza kama shughuli za ubongo zinaweza kuonyesha ni kijana yupi, kati ya wale wanaotibiwa, ambaye bado ana mawazo ya kujiua, lakini hawajafika, na labda itachukua miaka mingi. Kwamba mpaka siku hiyo, chombo tulicho nacho ni mdomo: mtu amuulize mtoto, na asubiri jibu.

Mhariri wa zamu alinipigia simu. Aliniita mama, ingawa tuna umri mmoja.

"Mama, hiyo aya ya pili nimetoa. Hiyo neno haiwezi kukaa kwa meza ya watu wakikunywa chai. Tena ya watoto? Unataka kuwapa mawazo?"

Nilimwambia daktari amesema kinyume cha hivyo. Akasema daktari haandiki gazeti. Makala ikatoka ikiwa safi, bila lile neno, na kichwa kikubwa juu yake: MASHINE YAONA YALIYO KICHWANI. Alinipongeza baadaye. Wasomaji waliipenda.

Kamande aliikata na kuibandika ukutani kibandani mwake.

Hayo niliyajua. Nisiyoyajua nimeyasikia leo, pamoja na kanisa zima.

Ilikuwa ibada ya shukrani. Kanisa lao ni la mabati, manyunyu yalikuwa yanapiga juu na mchungaji alilazimika kupaza sauti. Kamande aliitwa mbele atoe ushuhuda. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Alisema Bwana asifiwe, wakaitikia, akasema tena. Halafu akatoa ile karatasi ya mistari mfukoni, akampa mzee mmoja wa kanisa ashike ncha moja, naye akarudi nyuma akiikunjua hadi ikapita kwaya na kufika karibu na dirisha. Watu walisimama wapate kuona. Sidhani kuna mmoja aliyejua anachokitazama. Mistari ya wino, juu chini, juu chini.

"Hiki ndicho kichwa cha mtoto wangu," alisema. "Hospitali kubwa imepima. Gazeti imeandika, na huyo ameandika ni shemeji yangu, ameketi pale nyuma. Mashine imeona kila kitu na haijaona ugonjwa. Hata zile tembe tulisimamisha, wiki mbili sasa, na mnamwona amesimama!"

Wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele vitano kama ilivyo desturi anapozaliwa mvulana.

Njambi alikuwa amesimama kando ya baba yake, amevaa sare ya shule, kwa sababu kesho ilikuwa arudi bweni. Alitabasamu walipotarajia atabasamu. Nimeona tabasamu kama hilo kizimbani, kwa watu ambao wakili amewaambia wamtazame hakimu vizuri.

Mimi niliketi pale nyuma nikiwa mwandishi maarufu. Mama mmoja aligeuka akanipa mkono.

Nyumbani kwao kulikuwa na mukimo, mchuzi wa mbuzi, na chai isiyokwisha. Sanduku la chuma la Njambi lilikuwa limefungwa kufuli na kuwekwa mlangoni, kila mgeni akiingia analiruka. Kamande alikuwa na bashasha.

"Mwandishi, leo umekuja kukula ama kutuandika?"

Nikamwambia nimekuja kula. Watu wakacheka. Nilimtafuta Nyokabi kwa macho, naye akawa anatazama sufuria.

Njambi alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, akisugua masufuria peke yake. Nilivua koti nikachukua kitambaa cha kukaushia. Sijui watu wengine hujiandaaje kuuliza swali la namna hii. Mimi nimewauliza mawaziri kuhusu wizi, nimewauliza wajane kuhusu ajali, na midomo yangu leo ilikuwa mikavu kama ya mwanafunzi.

Nilimuuliza, kwa lile neno lenyewe, kama bado anafikiria kujiua.

Aliendelea kusugua.

"Tata, hiyo ni swali ya kuuliza mtu kwa jikoni kweli?"

"Nikuulizie wapi?"

Alifikiri. "Unataka jibu ya kanisa ama ya ukweli?"

"Ya ukweli."

"Kila siku," alisema. "Hata pale mbele wakinipigia makofi. Nilikuwa nawaangalia nikisema, hawa wakijua watadai makofi yao."

Alisema hivyo na kicheko kidogo, na kilikuwa kicheko cha kweli. Alikuwa mcheshi tangu utotoni. Niliweka sufuria chini.

Nilimuuliza mbona hakusema. Jibu lake ndilo nililokuja nalo hadi Thika, na ndilo ninaloliandika nikiwa na hasira hii.

"Hakuna mtu ameuliza. Mathe anauliza kama nimekula. Mchungaji anauliza kama nimeomba. Buda haulizi kitu, anaangalia hiyo karatasi. Wewe uliandika kwa gazeti ati mashine inaona. Nikasema sawa, kama inaona na imenyamaza, basi mimi ni nani niseme?"

Nilimwambia haioni. Nilimwambia niliandika kwamba haioni, na kwamba walikata.

"Kwa nini?"

"Waliogopa neno."

Alilitafakari hilo. "Basi andika tena. Vile nimekuambia. Si kwa hiyo gazeti yao. Mahali popote."

Ndiyo sababu jibu lake liko hapa.

Nilimuuliza na yale mengine ambayo daktari alitufundisha kuuliza. Alijibu yote, na hayo ni yake, sitayaweka hapa. Yalitosha kunifanya nijue kwamba lile sanduku haliwezi kwenda popote kesho. Nilimwambia hivyo. Alichoogopa hakikuwa nilichotarajia.

"Ataaibika. Ameikunjua mbele ya watu wote, tata. Na hiyo suti."

Mtoto anayewaza kufa kila siku, na hofu yake ni aibu ya baba yake.

Tulingoja wageni waondoke. Niliwaomba Kamande na Nyokabi waketi, nikamwambia Njambi achague kama ataongea yeye au mimi. Akasema mimi, lakini akakaa pale pale. Nilieleza kwa ufupi, bila kupamba.

Kamande alisimama. Alisema nimekuja kumharibia siku. Alisema mtoto yuko sawa, mashine imesema, na kwamba watu wa gazeti tukikosa shida tunazitengeneza.

"Mimi nimeona hizo laini zote," alisema. "Zote. Hakuna imekatika."

"Kamande," dada yangu alisema.

Nyokabi si mtu wa kumwita mumewe kwa jina mbele ya watu.

"Hizi wiki mbili nimekuwa nikilala chini, kwa chumba cha huyu mtoto. Nilikuambia ni kwa sababu unakoroma."

"Sikoromi?"

"Unakoroma. Lakini si hiyo."

Yaani dada yangu alijua. Alijua bila kuuliza, akatandika blanketi sakafuni kila jioni na kulikunja kabla mumewe hajaamka, na kila asubuhi akamuuliza mtoto kama amekula. Nimejaribu kumkasirikia na sijaweza. Naye aliogopa neno.

Kamande alichukua mwavuli akatoka. Nilidhani ameenda kwa mchungaji, na nilijiandaa kwa mabishano mengine. Nilianza kumsaidia Njambi kutoa vitu vichache sandukuni, ili aje kwangu Thika na mama yake, kesho asubuhi tuwe kliniki wa kwanza.

Alirudi akiwa na mkebe wa skrubu kutoka kibandani. Ndani yake, juu ya skrubu, kulikuwa na zile tembe, pakiti nzima ya wiki mbili. Hakuwa amezitupa. Alikuwa amezifungia huko, kwa sababu daktari alisema zitunzwe na mtu mzima, na hilo alilitii hata alipokataa mengine yote. Alinikabidhi mimi, hakumpa Njambi. Tulikubaliana daktari ndiye atakayesema zianzwe tena vipi.

Kisha akaketi juu ya sanduku, suti na yote, akaongea na binti yake huku anatazama sakafu.

"Maitu, kuna radio huletwa kwangu. Naipima kila mahali. Moto uko, waya ziko, kila kitu iko sawa. Na haiongei."

Njambi akamgeukia.

"Hizo huwa unafanya aje?"

"Hizo sirudishii mwenyewe. Siwezi kumwambia ni nzima. Hukaa nazo."

"Mpaka lini?"

"Hukaa nazo tu, maitu. Mpaka iongee."

Baadaye kidogo aliuliza, bila kumlenga mtu, sasa atawaambia nini kanisani. Mtoto ndiye aliyemjibu.

"Waambie fundi alikosea."

Kamande hakucheka. Lakini aliinuka, akalishika lile sanduku kwa mikono miwili, akaliondoa mlangoni na kulirudisha chumbani kwa Njambi.

Sitaki kuifanya siku hii iwe nzuri kuliko ilivyokuwa. Jumatano au Alhamisi Kamande anaweza kuamka na imani yake ya zamani. Mwalimu mkuu bado anataka karatasi yake, na ataipata, kwa sababu karatasi ni kweli na haisemi kitu. Mchungaji atahubiri kuhusu watu wa imani haba. Makala yangu bado iko ukutani kibandani, nilisahau kumwomba aibandue, na katika vibanda vingine nisivyovijua huenda kuna wazazi wengine walioikata. Hao sina namna ya kuwafikia. Kuna neno moja ambalo lingewafikia, na mtu mmoja alilitoa asubuhi moja ili chai ya watu isiharibike.

Kesho nitampigia mhariri nimwombe wachapishe ile aya. Najua atakachosema.

Wako chumbani kwangu sasa, Njambi na mama yake, kitanda kimoja. Safari hii Nyokabi hakulala sakafuni. Nasikia wanaongea, na si kuhusu chakula.

Bado mvua hainyeshi vizuri wala haikatiki. Kesho ni Jumatatu, siku ya kliniki. Kabla ya chai nitamuuliza Njambi tena.